Chama cha mama kimeizika TNA, chako je?

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi niliingia kwa eCitizen kutafuta cheti cha tabia njema. Kuna jamaa hapa Thika alikuwa ameniambia nikikipata, kazi ya kulinda geti usiku iko. Kazi haikuwa. Lakini nikiwa mle ndani nikaona sehemu ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, pale unapoweza kuangalia kama jina lako limeandikwa kwa chama chochote. Nikabonyeza kwa udaku tu. Nikajipata mwanachama, tena mwanachama kamili, wa chama ambacho sijawahi kukanyaga ofisi yake, sijavaa kofia yake wala sikukipigia kura.

Nilijitoa papo hapo. Si kazi kubwa, inafanyika kwa simu. Na si mimi peke yangu. Mwaka wa 2021 Wakenya walipoanza kuangalia majina yao, mitandao ilijaa watu wakilalamika kwamba wameandikishwa kwa vyama wasivyovijua. Ukimaliza kusoma hapa, nenda uangalie lako. Usiniulize nani alikuingiza.

Jioni nikamwambia mama. Alikuwa amekalia kigoda nyuma ya nyumba, kule Kihunguro, Ruiru, akichambua managu. Hakushtuka. Aliuliza swali moja tu.

"Na ulitoa ngapi ya kuingia?"

"Sikutoa kitu, mama."

"Basi hicho si chama."

Halafu akaendelea na managu yake. Mimi nimekaa na jibu hilo karibu miaka miwili sasa, na ndilo limenifanya niandike haya.

Chama anachokijua mama ni kile chao cha kina mama kumi na wanane. Kilianza 2006, mimi nikiwa nasari. Wanakutana kila Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana, makanisa yakishatoka. Ukichelewa ni shilingi 50. Simu ikilia mkutanoni, 100. Ukimsengenya mwenzako na mashahidi wakapatikana, 300, na mama huapa kwamba faini hiyo ndiyo iliyojenga mfuko wa dharura. Mweka hazina hashiki ufunguo wa kisanduku. Ufunguo uko kwa mtu mwingine, na daftari liko kwa wa tatu. Mgeni lazima aletwe na wanachama wawili, na miezi mitatu ya kwanza anakaa akisikiliza tu, mdomo umefungwa. Wengi ni Wakikuyu kwa sababu hapa ni Kiambu, lakini kuna Wakamba watatu, Waluhya wawili, na mama mmoja Mjaluo ambaye nitamrudia baadaye.

Kiswahili kinaviita vitu hivi viwili kwa jina moja, chama. Nadhani hapo ndipo tulichanganyikiwa. Tulienda kwa kile cha wanasiasa tukakipa mapenzi na uaminifu wa kile cha kina mama.

Hebu tuhesabu pamoja. 2007 mtaa wetu ulikuwa PNU. 2013 ukawa TNA, na amri ilikuwa moja, piga kura ya suti, kutoka kwa rais hadi diwani rangi iwe ile ile. Septemba 2016 TNA ikavunjwa, ikamiminwa ndani ya Jubilee pamoja na URP na vingine vidogo. 2017 tukawa Jubilee. 2022 tukawa UDA, chama ambacho muda mfupi tu kabla ya hapo kilikuwa kinaitwa PDR, na ungemuuliza mtu yeyote pale steji ya Ruiru hizo herufi ni za nini angekuuliza kama unauza dawa. Oktoba 2024 Seneti ikamng'oa Gachagua kwa unaibu rais. Mei 15, 2025 akazindua DCP, na sasa kofia zinabadilishwa tena. Miaka hiyo yote chama cha mama hakijabadilisha kitu isipokuwa daftari, na hilo ni kwa sababu lilijaa.

Nikiwa mkweli, kuna mara moja Thika tulijaribu kutumia kichwa. 2017, Jubilee ikiwa moto kabisa, watu wa Thika Mjini walimchagua Patrick Wainaina, yule Jungle, mgombea huru, awe mbunge. Sisemi alikuwa malaika. Nasema mpiga kura aliangalia mtu kabla ya kuangalia rangi. Miaka mitano baadaye tulirudi kwa suti.

Kinachoniuma si kuhama. Watu huhama nyumba, huhama kazi, hata makanisa. Kinachoniuma ni lile neno tunalorushiana kila tukihama: msaliti. 2022, mtu wa huku aliyebaki na Uhuru, ambaye kwao ni hapo Gatundu tu, aliambiwa ameuza Mlima. 2025, mtu wa huku aliyebaki UDA anaambiwa ameuza Mlima. Midomo ni ile ile. Ungedhani kuna nchi inaitwa Mlima, ina wimbo wake na pasipoti.

Sasa nikuambie mimi ni nani, ili ukinipinga unipinge vizuri. Mimi ni mhafidhina. Nikisema hivyo kwa kikundi chetu cha WhatsApp wananicheka, wananiuliza kama nimeanza kuvaa suti ya Kaunda. Uhafidhina wangu haukutoka kwa vitabu, maana chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipoisha. Ulitoka kwa kile chama cha mama na kwa guka wangu. Ni mambo machache tu. Kabla hujabomoa ukuta, uliza nani aliujenga na alikuwa anazuia nini. Ukianguka, watakaokuinua kwanza ni familia, kanisa au msikiti, sacco na majirani, kisha serikali ikikumbuka. Deni hulipwa. Kodi iwe ndogo na ionekane ilienda wapi. Na sheria imfunge kila mtu, kuanzia yule mwenye bunduki.

Kwa hiyo kwangu nchi ni kama shamba la urithi. Hukulinunua, uliachiwa, na kuna watu bado hawajazaliwa wanaolingojea. Chama cha siasa ni nyumba ya kupanga. Wewe wa Ruiru unanielewa vizuri, maana sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 hapa, na wengi wetu tulikuja na godoro na jiko la gesi kutafuta chumba cha bei nafuu. Umepanga, bomba likikauka wiki tatu unahama. Sijawahi kuona mpangaji akimpiga ndugu yake ngumi kwa kumtetea mwenye ploti. Kwa siasa tunafanya hivyo kila uchaguzi.

Hata Katiba ya 2010 iko upande wangu. Kifungu cha 10 kinapoorodhesha maadili ya taifa, la kwanza kabisa ni uzalendo. Kifungu cha 91 kinasema chama cha siasa kiwe na sura ya kitaifa, na hakiwezi kuanzishwa kwa msingi wa dini, lugha, kabila wala eneo. Soma tena pole pole, kisha uviangalie vyama tulivyo navyo. Na ujue vile vikubwa hupewa pesa za umma kupitia Hazina ya Vyama vya Kisiasa. Kofia unayogawiwa bure ukishangilia, uzi wake kidogo ni wako.

Juni 2024 nilikuwa barabarani. Sisemi hivyo kwa majuto. Nilinunua bendera ya shilingi 150 kwa kijana mmoja karibu na steji hapa Thika, nikaifunga shingoni. Mswada wa Fedha ulikuwa umeanza kwa kutaka kutoza mkate ushuru wa asilimia 16, na ingawa hilo waliliondoa baadaye, tulikuwa tumeshaamka. Watu walishangaa, mhafidhina gani anaandamana? Mimi sioni ajabu. Kumwambia mtoza ushuru "tosha" ni jambo la wazee kabisa. Tuliimba wimbo wa taifa, msee mmoja upande huu dereva wa matatu, upande ule dada wa saluni, na hakuna aliyemuuliza mwenzake wewe ni wa mrengo gani. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini na sikuwa nimewahi kuona hivyo Thika.

Juni 25 wabunge 195 wakapitisha ule mswada, 106 wakaukataa. Wenzetu wakavunja wakaingia Bungeni, sehemu ikawaka moto. Kesho yake Rais akasema hatatia saini. Na kuna waliopigwa risasi. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuja kutaja vifo 60 kutokana na maandamano ya miezi ile. Kifungu cha 37 kinaturuhusu kukusanyika kwa amani bila silaha, kwa hivyo ukimpiga risasi mtoto mwenye chupa ya maji na bendera, wewe ndiye umevunja sheria, hata kama sare yako imepigwa pasi. Sitaki mtu anidanganye kwamba kupenda utaratibu ni kunyamazia hilo.

Sasa sikiliza hii nyingine. Jumanne iliyofuata, Julai 2, simu ikalia. Ni shangazi, yule mwenye duka kule Kimbo. Hakuongea. Alikuwa anahema tu. Nikachukua boda.

Mlango wa chuma ulikuwa umekunjwa kama karatasi ya chapati. Unga umeenda, mafuta yameenda, sabuni, simu ya M-Pesa, hata mizani. Sakafuni walikuwa wameacha chumvi, wakaikanyaga. Jirani alikuwa amechukua video kutoka gorofani, akatuonyesha. Kuna kijana anatoka na mtungi wa mafuta wa lita kumi kwa bega. Uso wake hauonekani. Mgongoni amefunga bendera. Ile ile yangu ya 150, imefungwa vile vile nilivyofunga yangu.

Niliikunja ya kwangu nikaitia mfukoni. Sikutaka shangazi aione.

Jioni hiyo mitandaoni kila upande ulikuwa na jibu tayari. Wa serikali wakasema mmeona, hawa ni wahaini. Wa kwetu wakasema hao ni wahuni wamelipwa kutuchafulia. Pengine wote walikuwa na ukweli kidogo, mahali fulani. Lakini hakuna upande uliomletea shangazi hata msumari. Mlango uliunganishwa na fundi wa kuchomelea, Mkamba wa ploti ya pili, akasema atalipwa pole pole. Na shangazi yuko kwa chama kile cha mama. Jumapili ile haikuwa ya mkutano, lakini walikutana, wakafungua mfuko wa dharura, wakamhesabia shilingi 30,000 mbele ya watu wote. Aliyeshika daftari aliandika, aliyeshika ufunguo akafunga. Hiyo ndiyo serikali niliyoiona Kimbo wiki hiyo.

Tatizo likawa binamu yangu. Ni mtoto wa shangazi, anaendesha boda hapo Ruiru, na wakati huo alikuwa UDA ya damu. 2022 alikuwa amezungusha vijana kwa kampeni hadi sauti ikakauka. Alinikuta nikifagia ile chumvi.

"Nyinyi watu wa bendera ndio mmemwibia mamangu," akasema.

Ningenyamaza. Badala yake nikamjibu, "Ni serikali yako ndiyo imemwibia, sisi tumechukua mabaki." Nilifikiri ni jibu kali. Shangazi alikuwa mlangoni, amesikia. Aliingia ndani bila kusema neno.

Huyu binamu tulilala kitanda kimoja hadi kidato cha pili. Aliyenifundisha kuogelea kwa bwawa la machimbo tuliyokatazwa kuyakaribia ni yeye. Tukaacha kuongea.

Halafu upepo ukageuka. Gachagua akatolewa, binamu akavua kofia ya njano. Juni 25, 2025, mwaka mmoja kamili baadaye, yeye ndiye alikuwa barabarani akipiga kelele za "wantam", mimi nikiwa nyumbani. Nikauliza tu kwa kikundi cha familia, baada ya wantam ni nini? Nani atafanya nini kuhusu karo, kuhusu viwanda vya Thika ambavyo guka alivijua vikifanya kazi mchana na usiku? Akajibu kwa neno moja, unalijua. Msaliti. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja nimekuwa msaliti kwa kuipinga serikali, na msaliti kwa kutoipinga inavyotakiwa. Mtu wa kunihukumu mara zote mbili ni yule yule, na mara zote mbili aliamini anaitetea Kenya.

Kama hulali mapema, kama mimi, simu yako hukuletea Wamarekani wakigombana usiku kucha. Wako kama sisi, ila wana pesa. George Washington akiondoka madarakani aliwaandikia barua ya kuwaaga, 1796, na ndani yake akawaonya kuhusu vyama kugeuza wananchi maadui. Hawakusikia, na miaka 230 baadaye ukiona kofia nyekundu kule unajua mwenyewe alipigia nani kura, na wengine wakiona bendera ya nchi yao wenyewe imetundikwa mlangoni kwa mtu wanadhani ni ya chama. Huo ni wazimu wa pande mbili. Upande mmoja umeichukua bendera kama mali yake, upande wa pili ukaiacha ichukuliwe kwa sababu eti imeshikwa na mikono mibaya.

Na kuna jambo linalonihusu moja kwa moja. Januari 6, 2021, watu ambao kwa familia, imani na kodi ningekubaliana nao mambo mengi walivunja wakaingia Bunge lao la Capitol wakiwa wamebeba bendera, kuzuia kura za Rais zisihesabiwe. Wahafidhina wenzangu, eti. Unahifadhi nini ukishavunja mlango wa nyumba unayosema unaihifadhi? Najua utaniambia yao na yetu si sawa. Ni kweli, wao walitaka matokeo ya uchaguzi yageuzwe, sisi tulitaka sheria ya kodi ikataliwe, na ukinilazimisha kuchagua ninajua nitasimama wapi. Lakini bado nakumbuka ule mlango wa shangazi.

Mhafidhina wa kule ninayemtaka ni John McCain. Oktoba 2008, akiwania urais, alikuwa kwa mkutano Minnesota. Mama mmoja akashika maikrofoni akasema hamwamini Obama, ni Mwarabu. Kura zilikuwa hapo, McCain angenyamaza tu azichukue. Alichukua maikrofoni, akamwambia hapana, huyo ni mtu mwema wa familia, raia ambaye tunatofautiana tu kuhusu mambo ya msingi. Siku hiyo kuna watu wake walimzomea. Na huyo aliyetetewa ni mtoto wa Mkenya, babake wa hapo Kogelo. McCain alishindwa uchaguzi. Kabla hajafa, 2018, alimwomba Obama aliyemshinda azungumze kwenye mazishi yake.

Je, sisi tunaweza hivyo? Nilikuwa nadhani haiwezekani, hadi Oktoba 2025.

Raila Odinga alifariki Oktoba 15 akiwa India. Kesho yake mwili ukaletwa, ukapelekwa Kasarani, hapo hapo kwa barabara yetu ya Thika Road, na hata huko watu walikufa, polisi walipofyatua risasi. Mimi nilikuwa kwa guka, Makongeni. Ujue kwanza, guka hajawahi kumpigia Raila kura hata siku moja. 2007 alimwogopa. 2022 Uhuru mwenyewe aliwaomba, akakataa. Kitu pekee alichowahi kumsifia ni 2002, pale Uhuru Park, aliposema Kibaki anatosha. Akisimulia hiyo hucheka, halafu hurudi kumlaumu.

Kwa televisheni wakaonyesha jeneza limefunikwa bendera. Guka akavua kofia. Akashika mkongojo, akasimama, pole pole, magoti yake unayajua. Sikujua kama nisimame. Nikasimama.

"Guka, si ulikuwa unampinga huyu?"

"Nilimpinga akiwa wetu," akasema. Tukabaki kimya. Kisha, "Keti, unaniziba."

Wiki hiyo chama cha mama kilienda kumwona yule mama Mjaluo niliyekuambia. Walienda wote, na sukari na majani chai, kama mtu amefiwa na baba. Ndipo mama akanikumbusha kitu ambacho nilikuwa nakikumbuka nusu. Januari 2008, maneno yalipoanza kuzunguka mtaani kwamba wasio wa hapa warudi kwao, yule mama alikuja kwetu usiku na watoto wawili. Walikaa siku kumi na moja. Ninachokumbuka mimi ni kulala sakafuni kwa hasira kwa sababu wageni wamechukua kitanda. Nisichokuwa nakumbuka ni kwamba mama alikuwa anazunguka jikoni akiwa na fulana ya PNU, ndiyo pekee iliyokuwa safi, akimpikia mgeni wake uji. Mgeni alikuwa ODM. Walikuwa wanajua wote wawili. Mama anasema waliongea kuhusu siasa mara moja tu, usiku wa tatu, wakagombana kidogo, halafu mtoto akaanza kukohoa wakaacha.

Sasa tunaenda 2027. Uchaguzi ni Agosti 10. Binamu tayari ana kofia mpya, na nimesikia anatafutwa tena azungushe vijana. Mimi kura yangu nitapiga, na sitakuambia ni kwa nani, maana sijaamua. Nataka kwanza nione mtu atakayekuja Kimbo bila spika.

Lakini kuna kitu kimetokea wiki iliyopita. Shangazi anataka kupanua duka, aweke friji ya maziwa. Ameomba mkopo kwa chama cha mama, shilingi 80,000. Sheria yao inasema mkopo wa zaidi ya 50,000 lazima watu wawili wa nyumbani kwa mwenye kukopa waje wenyewe, wakae mbele ya wote, na watie sahihi kwamba akishindwa watalipa wao. Mweka daftari aliuliza majina. Shangazi akataja la binamu na langu. Mama anasema hakuangalia upande wowote akiyataja, alikuwa anafunga leso.

Nikampigia binamu simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni 2025. Aliipokea ikiwa karibu kukata.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Utaenda?"

Nyuma yake kulikuwa na kelele za pikipiki za steji. "Ni saa ngapi?"

"Saa nane, Jumapili ya pili. Ukichelewa ni hamsini."

"Usivae hiyo bendera yako," akasema, na nikajua anacheka.

"Na wewe uache kofia."